Mitaro Inapoingia Kwenye Ramani

Mwaka 1879 Waingereza walikuwa vitani na Wazulu, na habari za vita zilifika London zikiwa zimechacha. Serikali yao ikataka waya. Kampuni ya Eastern and South African Telegraph ikatandika waya wa telegrafu chini ya bahari kutoka Aden hadi Zanzibar, ukashuka kupitia Msumbiji hadi Durban. Unguja ya Sultani Barghash ikawa inapokea habari za Ulaya kwa saa badala ya majuma. Mfanyabiashara wa karafuu aliyezoea kungoja meli ndipo ajue bei, sasa alingoja karatasi kutoka ofisi ya telegrafu.

Nayataja haya kwa sababu watu husimulia habari za intaneti ya Afrika Mashariki kana kwamba pwani hii ilikuwa gizani tangu Adamu hadi juzi. Haikuwa hivyo. Tulichokosa ni zamu iliyofuata. Mkongo wa kwanza wa nyuzi za kioo kuvuka Atlantiki ulianza kazi mwaka 1988. Pwani ya magharibi ya Afrika ikapata wa kwake mwanzoni mwa miaka ya 2000. Upande wetu, kuanzia Msumbiji hadi Somalia, tukaendelea kutegemea setilaiti zinazoelea takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Kila barua pepe ilipanda huko kisha ikashuka, na gharama za safari hiyo zikaangukia kwa mteja aliyekaa kwenye intaneti kafe ya Kariakoo, Dar es Salaam, au River Road, Nairobi, akitazama ukurasa ukifunguka mstari kwa mstari huku dakika zake zikihesabiwa.

Tarehe 12 Juni 2009 mkongo wa TEAMS, uliotandikwa kutoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, ulipokelewa Mombasa mbele ya Rais Mwai Kibaki. Tarehe 23 Julai mwaka huohuo ukawashwa mkongo wa SEACOM, na Rais Jakaya Kikwete akaongoza sherehe ya Dar es Salaam. EASSy, unaoanzia Mtunzini nchini Afrika Kusini hadi Port Sudan, ukafuata mwaka 2010. Huku bara, serikali ya Tanzania ilikuwa ikifukia Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano kando ya barabara kuu kuelekea mikoani. Biashara, elimu na ajira ndizo zilizotarajiwa. Sidhani kama kuna aliyefikiria mitaro ya maji ya mvua.

Tuutazame mji wenyewe uliofikiwa na mikongo hiyo. Sensa ya mwaka 2002 iliwakuta watu milioni 2.5 Dar es Salaam. Ile ya 2012 ikawakuta zaidi ya milioni 4.3. Mji ulikuwa umewahi kuchorewa mipango mikuu mitatu, ya 1949, 1968 na 1979, na baada ya hapo watu wakajenga walipopata nafasi. Inakadiriwa kwamba takriban asilimia 70 ya wakazi waliishi katika maeneo yasiyopimwa. Ukifungua ramani ya mtandaoni ya miaka ile uliziona barabara kuu zinazoizunguka Tandale, na ndani yake karibu hakuna kitu, ilhali maelfu ya watu walikuwa wakilala humo, wanapika, wanauza mchele na kusomesha watoto.

Uwazi ule uliwaumiza watu. Gari la taka haliwezi kupangiwa njia kwenye mtaa usiochorwa. Gari la zimamoto linafika barabarani na kusimama. Mhandisi anayetakiwa kujenga mtaro anauchora hadi mwisho wa barabara ya lami, na maji yanayotoka hapo yanakuwa shida ya mtu mwingine. Mtu huyo huwa anaishi bondeni.

Tiba ya kwanza ilijaribiwa Kibera, jijini Nairobi, mwaka uleule wa mikongo. Miaka mitano kabla, jijini London, Steve Coast alikuwa ameanzisha OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo yeyote anaweza kuichora, kuirekebisha na kuitumia bila malipo. Mwaka 2009 Erica Hagen na Mikel Maron walifika Kibera, na vijana 13 kutoka vijiji vya humo wakafundishwa kutumia vifaa vidogo vya GPS. Walitembea vichochoroni wakiweka alama: kioski cha maji, choo, zahanati, shule, kona isiyo na taa ambayo wanawake huikwepa usiku. Kilichokuwa uwazi kwenye OpenStreetMap kikajaa. Waliofanya kazi hiyo walikuwa wenyeji wa pale, waliojua choo kipi kinafungwa saa mbili usiku na kipi hakifungwi kabisa, jambo ambalo hakuna picha ya setilaiti inayoweza kulieleza.

Mwaka 2011 zoezi kama hilo likafanyika Tandale, likiwakutanisha wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wakazi. Kisha mwezi Desemba mvua ikanyesha.

Mvua ya tarehe 20 Desemba 2011 na siku zilizofuata ilielezwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa kuwa kubwa kuliko zote zilizopimwa Dar es Salaam tangu 1954. Zaidi ya watu 40 walikufa. Mto Msimbazi, unaoanzia kwenye vilima vya Kisarawe na kusafiri takriban kilomita 35 hadi baharini karibu na daraja la Salenda, ulijaa bonde zima la Jangwani, na watu wakapanda mapaani kungoja kuokolewa. Serikali ikawahamishia waathirika Mabwepande, kaskazini mwa jiji. Baadhi walirudi bondeni. Kuna waliowalaumu, na sijawahi kuungana nao. Kutoka Jangwani unakwenda Kariakoo kwa miguu. Kutoka Mabwepande nauli peke yake inakula faida ya mama anayeuza samaki wa kukaanga. Waliijua hatari ya maji kuliko mtu yeyote, na wakapima wakaona njaa iko karibu zaidi.

Nairobi nayo ilikuwa na uwazi wa aina nyingine. Matatu ziliruhusiwa rasmi kwa agizo la Rais Jomo Kenyatta mwaka 1973, na kwa miaka 40 zikawa ndizo zinazoubeba mji, lakini hapakuwa na ramani inayoonyesha namba gani inapita wapi. Ulijua njia yako na njia ya shangazi yako, basi. Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na watafiti wa Marekani akiwamo Sarah Williams wa MIT na Jacqueline Klopp wa Columbia, waliwapa wanafunzi simu na kuwapandisha matatu. Simu ilirekodi njia, mwanafunzi akaandika kila kituo gari liliposimama.

Hapo ukatokea ugumu ambao naupenda, kwa kuwa unaonyesha kazi ya namna hii ilivyo. Duniani data za usafiri huandikwa kwa utaratibu uliobuniwa mwaka 2005 na Google pamoja na shirika la mabasi la Portland, huko Oregon. Utaratibu huo unataka ratiba: basi litaondoka saa ngapi, litafika saa ngapi. Matatu haina saa. Inaondoka ikijaa, na ikikuta foleni inachepuka. Timu ya Nairobi ililazimika kuupinda utaratibu ule hadi ukakubali gari linalofuata abiria. Januari 2014 wakatoa ramani ya karatasi yenye njia zaidi ya 130, zimechorwa kwa rangi kama ramani za treni za chini ya ardhi, na mwezi Agosti 2015 njia hizo zikaingia kwenye Google Maps. Mtu akiitandaza mezani ile karatasi, anaona mara moja ambacho abiria walikisia miaka yote: karibu kila njia inakwenda katikati ya jiji. Anayetoka mtaa wa mashariki kwenda wa magharibi lazima apite mjini, ashuke, apande nyingine. Ndipo ilipo foleni, ndipo ulipo moshi.

Serikali ya Kenya, wakati huohuo, ilikuwa na ndoto kubwa zaidi. Januari 2013 Rais Kibaki alizindua ujenzi wa Konza, mji mpya wa teknolojia kusini-mashariki mwa Nairobi. Sina ugomvi na Konza. Lakini mji unaojengwa porini upya unawakuta wakazi wachache wa kuuliza, na hekima ya miaka ile, kwa maoni yangu, ilikuwa inapatikana kwa kuuliza.

Dar es Salaam iliuliza kwa bidii kuanzia mwaka 2015. Mradi ukaitwa Ramani Huria. Ulifadhiliwa na Benki ya Dunia na ukapata makao katika Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), pale Sayansi Kijitonyama, si mbali na Tandale. Chuo Kikuu Ardhi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Msalaba Mwekundu wakawemo. Mfano mmojawapo ulitoka Jakarta, jiji lingine la pwani linalofurika msimu wa mvua, ambako Waindonesia walikuwa wamechora mitaa yao kwenye OpenStreetMap na kuisomesha programu iitwayo InaSAFE. Unaipa ramani ya mafuriko na ramani ya nyumba, inakujibu ni nyumba ngapi zitaguswa, watu wangapi watahama, na wahamaji hao watahitaji chakula na maji kiasi gani.

Jibu hilo hutegemea kabisa ulichoingiza, na hapo ndipo wanafunzi walipoingia mitaroni.

Mtaro mmoja una maswali mengi. Juu una upana gani, na chini? Kina chake? Umejengwa kwa zege, kwa mawe, au ni udongo mtupu uliochimbwa na maji yenyewe? Umefunikwa au uko wazi? Umeziba? Kwa mchanga, kwa chupa za plastiki, au mtu amejenga juu yake? Wanafunzi wawili wanasimama kila mmoja ukingo wake, wameshika ncha za futi ya kupimia, wa tatu anaandika kwenye simu, na harufu wanaivumilia wote. Kisha linakuja swali linalotesa kuliko yote: maji yakitoka hapa yanakwenda wapi? Mtaro unaoanza vizuri kando ya lami, una upana wa hatua nzima, ukiingia uchochoroni unabanwa kati ya kuta mbili, unabaki upana wa shubiri, halafu unapotelea chini ya kibanda. Mwanafunzi anaweza kuandika kwamba umeishia hapo. Maji hayajaishia. Inabidi kumwuliza mama mwenye kibanda, naye ataonyesha kwa kidole nyumba ya tatu ambako hutokea tena, na ukutani mwa nyumba hiyo mstari wa tope unaoonyesha mafuriko yaliyopita yalifika wapi.

Kwenye kompyuta, mtaro usiounganishwa na mwenzake unaharibu hesabu yote. Programu inadhani maji yametuama pale mstari ulipokatika, na inatabiri ziwa mahali pasipo na ziwa, huku mahali penye hatari panaonekana pakavu. Ndiyo maana kila jioni kazi ya mchana ilipitiwa upya, na mistari iliyokatika ikarudishwa kwa waliokwenda uwandani, kesho warudi kuitafuta.

Juu ya mitaa hiyo zilirushwa droni ndogo zenye mabawa. Picha zake zilionyesha hata vitu vya sentimita chache, na kutokana nazo ukapatikana mwinuko wa ardhi. Katika bonde lililo bapa kama la Msimbazi, tofauti ya nusu mita huamua nani atalala kitandani na nani atalala juu ya paa. Picha za kata moja tu ni mzigo mzito wa data. Zilipandishwa mtandaoni, zikagawanywa vipande vya mraba, na watu wa kujitolea, wengine wakiwa Ulaya na Marekani, wakachora nyumba moja moja kutoka kwenye skrini zao. Kazi hii isingewezekana kwa setilaiti ya enzi ya intaneti kafe. Mkongo wa mwaka 2009 uliongeza kasi, na katika habari hii kasi hiyo ilimaanisha kwamba nyumba iliyopigwa picha asubuhi Tandale ingeweza kuchorwa na mtu wa bara lingine kabla ya usiku, na kesho yake mwenyeji akaandika kama ni duka, msikiti au gesti.

Kuna sehemu ya kazi hiyo ambayo mtu wa bara lingine hakuweza kuigusa kamwe: mipaka ya mashina. Tangu miaka ya 1960, chama cha TANU kilipoanzisha uongozi wa nyumba kumi kumi, kila kundi la nyumba, yaani shina, limekuwa na mjumbe wake. Leo mashina mengi yana nyumba nyingi kuliko kumi, na ni ya chama kilichoirithi TANU, lakini mjumbe bado ndiye anayefuatwa wawili wakigombana ukuta, mgeni akihamia, mtu akifariki. Mipaka ya mashina haikuwa imeandikwa popote. Ilikuwa kichwani mwa mjumbe. Timu ya Ramani Huria, ambayo baadaye iliendelezwa na Humanitarian OpenStreetMap Team, iliwafuata wajumbe, ikatembea nao mpakani wakionyesha: hapa tunapita nyuma ya choo hiki, tunavuka njia, tunauacha mwembe upande wa mwenzangu. Simu ikarekodi. Faida yake ni ya moja kwa moja. Onyo la mvua linaloelekezwa kwa "wakazi wa mabondeni" halimgusi mtu binafsi. Onyo linalotaja shina lina mtu wa kulipokea, mwenye jina na mlango unaojulikana.

Kwa mtazamo wangu hili ndilo tukio kubwa la teknolojia ya miji katika ukanda wetu kwa kipindi kile, kubwa kuliko kamera na vitambuzi vyote vilivyotangazwa. Maarifa ya mjumbe yalipewa nafasi ileile iliyopewa picha ya droni. Tangu 1879 nyaya za baharini zilituletea habari za wengine na kuchukua bei ya mali zetu. Safari hii mama mwenye kibanda alipeleka habari zake, na zikakaa mahali ambapo mhandisi hawezi kusema hakuziona.

Kuziona, hata hivyo, hakuzibui mtaro. Mfano mchungu uko palepale Jangwani. Mabasi ya mwendokasi yalianza kazi Mei 2016, na jiji likapata Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018 kwa ajili yake. Karakana yake ilikuwa imejengwa bondeni, katika uwanda uleule uliofurika 2011. Mvua zilipokuja, maji yakaingia karakana na mabasi yakaharibika, tena zaidi ya mara moja, huku njia ya Morogoro Road ikifungwa na abiria wakitembea. Maji ya Msimbazi hayakuhitaji ramani mpya ili yajulikane. Kila dereva wa daladala aliyajua.

Palipokuwa na fedha na nia, mambo yalisonga. Mto Ng'ombe, unaopita Tandale na uliokuwa ukiingia majumbani kila masika, umejengewa kingo za zege chini ya mradi wa kuendeleza jiji la Dar es Salaam. Mwaka 2018 wahandisi, wakazi, maofisa wa serikali na wanasayansi walikaa pamoja katika mfululizo wa vikao kuhusu bonde la Msimbazi, ramani ikiwa mezani, na mpango ukatoka 2019. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ikaidhinisha mradi wa bonde hilo: mto kupanuliwa, daraja la Jangwani kuinuliwa, karakana ya mabasi kuhamishwa, sehemu ya chini kugeuzwa bustani inayoruhusiwa kufurika. Kaya nyingi zimelazimika kuondoka, na malipo ya fidia yamezua manung'uniko ya haki kabisa kutoka kwa watu waliojenga chumba baada ya chumba kwa miaka 20. Takwimu nzuri hazikuufanya uamuzi huo uwe mwepesi. Zilifanya iwezekane kubishana kuhusu nyumba hii na futi hizi za maji, badala ya kubishana kuhusu "wavamizi".

Serikali yenyewe ilichukua njia hiyo kwa kishindo mwaka 2022. Kabla ya sensa ya Agosti iliendeshwa Operesheni ya Anwani za Makazi, viongozi wa mitaa na vijana wakapita nyumba kwa nyumba wakirekodi mahali ilipo kila moja kwa simu na kubandika namba. Makarani wa sensa wakafuata na vishikwambi, ambavyo baada ya kazi vilipelekwa kwa walimu. Dar es Salaam ikahesabiwa watu milioni 5.38. Nyumba ya Tandale isiyo na hati sasa ina namba mlangoni na jina la mtaa, na gari la zimamoto linaweza kuelekezwa kwayo.

Mitaro bado inawategemea wanafunzi. Ardhi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Sokoine na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Turku cha Finland katika mpango wa Resilience Academy, huwatumia vijana walio kwenye mafunzo kwa vitendo kukusanya na kusahihisha data hizo, kwa sababu mtaro uliopimwa 2015 umeshajaa mchanga, umehamishwa na mafundi wa barabara au umefunikwa na fremu za maduka. Fedha za wafadhili zilichora ramani ya kwanza. Fedha za kuizibua mitaro iliyochorwa, kila mwaka kabla ya masika, zinapaswa kutoka halmashauri, na mwenyekiti wa mtaa anayeziomba sasa anaweza kwenda na orodha: mtaro upi, urefu gani, umeziba wapi, na nyumba ngapi ziko chini yake.